Kando ya Kitanda cha Mgonjwa: dhambi, mateso na sadaka kwa macho ya asiyeamini

Hotuba hii niliitoa mjini Malindi, katika jioni ya mazungumzo kati ya watu wa dini mbalimbali na sisi tusio na dini. Waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka hapa kamili kama nilivyoisema.

Bwana Mwenyekiti, mapadri na wachungaji, maustadhi, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama hadi nje ya mlango: hamjambo?

Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwa kuwa mlionialika mlijua mnamwalika nani. Mimi siamini. Nilibatizwa, nikalelewa kanisani, nikaimba kwaya, na Biblia ya mama yangu nimeisoma mwanzo hadi mwisho. Imani iliniondoka nikiwa kijana na haikurudi. Sikuja kumtoa mtu katika dini yake. Nimekuja kwa sababu dhambi, mateso na sadaka ni mambo yanayotuhusu sote, na hapa kwetu yametugusa kwa namna ambayo miji mingine haikuguswa. Mnajua ninachokisema. Nitakifikia.

Nitawaambia mapema ninakoelekea. Ninaona kwamba mambo haya matatu yameunganishwa na wazo moja: kwamba kila maumivu ni malipo ya kitu fulani. Dhambi ni deni, mateso ndiyo malipo, na sadaka ni mwingine kukulipia. Wazo hilo ndilo ninalolipinga. Na nitalipinga nikiwa na mashahidi wengi kutoka ndani ya Biblia yenyewe.

Nianze na dhambi. Mtu aliyewafundisha Wakristo wa Magharibi namna ya kuiwaza dhambi alikuwa Mwafrika mwenzetu, Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, Algeria ya leo. Anasimulia kwamba alipokuwa na miaka kumi na sita, usiku mmoja yeye na wenzake waliingia katika shamba la mtu wakaupukutisha mti wa mapeasi. Hawakuwa na njaa. Yeye mwenyewe alikuwa na mapeasi mazuri kuliko yale. Walionja machache, mengine wakawatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, akiwa sasa ni askofu, bado anajiuliza: nilipenda nini katika wizi ule? Na anajibu kwamba alipenda ubaya wenyewe, na kwamba angekuwa peke yake asingeufanya.

Ndugu zangu, hapo nasimama pamoja na Agostino. Ni nani kati yetu hajafanya ubaya asiouhitaji, kwa sababu tu wenzake walikuwa wanacheka? Ni nani hajaona kundi likimpiga mwizi wa kuku hadi anakata roho, na kesho yake ukiwauliza mmoja mmoja humpati hata mmoja aliyetaka afe? Asiyeamini mwenzangu anayesema kwamba dhambi ni hadithi ya kutishia watoto hajamtazama binadamu vizuri. Kuna kitu kibaya ndani yetu, na Ukristo haukukificha. Hilo nalipa heshima yake.

Lakini Agostino hakuishia hapo. Alifundisha kwamba hatia ya Adamu yenyewe inapita kwa kila mtoto anayezaliwa. Pelagio, mtawa kutoka Uingereza, alimpinga, na mafundisho ya Pelagio yakalaaniwa katika mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago mwaka 418. Agostino alilifuata wazo lake hadi mahali pagumu kabisa: mtoto mchanga akifa bila kubatizwa, hukumu inamkuta, hata kama ni nyepesi kuliko zote. Si Wakristo wote waliomfuata. Makanisa ya Mashariki hayakufundisha kwamba mtoto anazaliwa na hatia ya Adamu. Na nabii Ezekieli alikuwa amekwisha kusema, karne nyingi kabla, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Someni sura ya 18. Lakini wazo lilikuwa limeshaingia nyumbani kwa watu, na mimi nililikuta kwetu.

Mdogo wangu alizaliwa na selimundu, yaani sickle cell. Alipokuwa na miezi michache, vidole vya mikono na miguu vilimvimba hadi ngozi ikang'aa. Macho yakawa ya manjano. Alipokua, maumivu yalimshika zaidi usiku, na mama alikuwa akipasha kitambaa juu ya jiko la makaa, anamkanda magoti na mgongo, kisha anamnywesha maji kijiko kwa kijiko huku anamwimbia pambio polepole ili sisi wengine tusiamke. Tulikuwa tumeamka.

Kina mama wa kanisani walikuja. Walikuja kwa mapenzi, nataka mlisikie hilo. Walileta unga, walileta kuni, walifunga na kuomba pamoja naye. Kisha mhubiri mmoja akasema maombi hayapiti kwa sababu nyumba hii ina dhambi iliyofichwa. Mama yangu akaanza kuitafuta. Mwanamke ambaye hakuwahi kumnyima jirani chumvi alikaa akiyachambua maisha yake siku hadi siku, na mwishowe akaipata: alipokuwa msichana aliuza pombe ya mnazi katika mangwe ya baba yake, yaani kilabu cha pombe, ili apate karo. Aliikiri mbele ya watu, akilia. Mtoto hakupona. Kwa hiyo akatafuta dhambi nyingine.

Mdogo wangu alifariki kabla ya kumaliza shule ya msingi. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hadi mwisho aliamini, mahali fulani moyoni, kwamba alimwua kwa mnazi.

Sasa niwaambie kilichokuwa katika damu ya mtoto yule. Mama alibeba jeni moja ya selimundu bila kujua, na baba vilevile. Mwenye jeni moja kwa kawaida haugui. Wawili kama hao wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kupata jeni zote mbili na kuugua. Na kwa nini jeni hiyo ni ya kawaida huku Pwani na kule ziwani Magharibi, lakini ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi? Kwa sababu ya malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Yaani kitu kilekile kilichomwua mdogo wangu ndicho kilichowaacha hai mababu zake katika nchi ya mbu. Waliokibeba waliishi wakazaa, wakakirithisha.

Huo ni urithi wa kweli. Unatoka kwa wazazi, unaingia mwilini kabla mtoto hajafungua macho, unauma, unaua. Na hauna hatia ndani yake hata chembe! Hakuna aliyekosa. Mama hakukosa, baba hakukosa, mababu hawakukosa. Najua theolojia ya dhambi ya asili ni pana kuliko alivyoitumia mhubiri yule, na wapo mapadri humu ambao wangemkemea. Lakini ukishamfundisha mtu kwamba mtoto mchanga anaweza kuzaliwa na hatia, umemwacha mlango wazi yule atakayekuja kuuliza: hatia ya nani?

Kutoka hapo tumeshaingia kwenye mateso, na hapa nina hadithi inayoanzia kwetu. Nendeni ufukweni kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Msalaba ulio juu yake ni wa jiwe la Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akitokea mji ule. Sasa mtazameni mji huohuo tarehe 1 Novemba 1755. Ni sikukuu ya Watakatifu Wote. Ni asubuhi, makanisa yamejaa, mishumaa imewashwa kila altare. Ardhi ikatetemeka. Makanisa yakawaangukia waumini, mishumaa ikawasha moto uliokula mji kwa siku kadhaa, na waliokimbilia mtoni walikutwa na bahari inapanda. Makumi ya maelfu ya watu walikufa, na wengi walikufa wakisali.

Padri mmoja Mjesuiti, Gabriel Malagrida, alitoa kijitabu mwaka uliofuata akisema sababu si nguvu za asili bali dhambi za watu wa Lisbon, na kwamba toba ndiyo kazi ya kwanza, si vibanda vya wasio na makao. Wakati huohuo serikali, chini ya waziri tunayemjua kwa jina la Markisi wa Pombal, ilipeleka maswali kwa kila parokia ya nchi. Ardhi ilitikisika kwa muda gani? Bahari ilianza kupanda au kushuka? Ni wangapi wamekufa? Mapadri wa vijijini walijibu kwa uaminifu, na majibu yao bado yanasomwa na wanaochunguza matetemeko. Malagrida mwenyewe alinyongwa na mwili wake ukachomwa mwaka 1761 kwa hukumu ya uzushi, na huo ulikuwa ukatili usio na udhuru. Simsifu Pombal kwa hilo. Lakini angalieni maswali hayo mawili yakisimama mbele ya kifusi kimoja. La kwanza: nani alikosa? La pili: nini kilitokea, na nani anahitaji nini? Desemba 2004, mawimbi yalipovuka bahari yote kutoka Sumatra yakafika hadi pwani yetu, watu waliondolewa ufukweni kwa sababu habari ilitangulia maji. Habari hiyo ni mtoto wa swali la pili.

Na Biblia iko upande gani? Hapa nawaomba ndugu zangu Wakristo mnisikilize kwa makini, kwa maana naona wengi hamkitumii kitabu chenu inavyostahili. Ayubu anapoteza mali, watoto na afya. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakuja. Wanaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Hakuna ziara ya mgonjwa iliyo bora kuliko hiyo. Kisha wanafungua kinywa, na sura baada ya sura ujumbe wao ni mmoja: Ayubu, umekosa, kiri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwishoni Mungu wa kitabu kile anasema nini? Katika sura ya 42 anawakasirikia wao, waliomtetea, na kusema Ayubu, aliyelalamika, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Ujasiri wa ukurasa huo bado unanishangaza.

Yesu naye aliulizwa swali lilelile juu ya kipofu: ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Akajibu: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Mnara wa Siloamu ulipowaua watu 18 alikataa kusema walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Naam, aliendelea kuwaambia wasikilizaji watubu. Lakini hesabu ya dhambi hii kwa ajali hii aliikataa waziwazi. Mhubiri aliyekuja kwetu alikuwa na Injili ya Yohana mkononi!

Sitawaficha ninapobaki nyuma. Yesu aliongeza kwamba mtu yule alizaliwa kipofu ili kazi za Mungu zidhihirishwe. Hilo siwezi kulipokea. Mtoto hapaswi kukaa gizani miaka yote hiyo ili awe ushahidi wa kitu. Kinachonigusa zaidi kipo msalabani, katika Marko 15:34: Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha? Mama yangu alikuwa akiusoma mstari huo usiku. Aliniambia, "Hata yeye aliuliza, na hakujibiwa." Mimi siamini kwamba Mungu alikuwa juu ya mti ule, lakini nimeona kwa macho yangu mstari huo ukimshika mtu asianguke. Ulimshika kwa sababu haukumshtaki.

Nije kwenye sadaka. Wakristo na Waislamu humu mnayo hadithi moja ya baba na mwana na kisu, Isaka kwa Wakristo, na kwa Waislamu walio wengi Ismaili. Mnajua inavyoisha: kisu kinazuiwa, mnyama anachinjwa badala ya mtoto. Lakini Biblia ina baba mwingine ambaye hahubiriwi sana. Waamuzi sura ya 11, Yeftha. Aliweka nadhiri kwamba akishinda vita atamtoa sadaka yeyote atakayetoka kwanza mlangoni kumlaki. Akatoka binti yake wa pekee, na matari na kucheza. Hakuna malaika aliyeita. Hakuna kondoo aliyenaswa kichakani. Na kinachonikosesha usingizi ni kwamba hakuna jirani aliyesema, mzee, nadhiri hii ni mbaya, ivunje. Binti alipewa miezi miwili ya kulia milimani na wenzake, akarudi.

Sasa niliseme lile nililosema nitalifikia. Shakahola, msitu walikokuwa wakiishi wafuasi wa mhubiri mmoja, si mbali na tulipokaa. Tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule, na uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Mashtaka ya mauaji yaliyosomwa mwaka 2024 yalitaja watoto 191. Nani alifanya nini ni kazi ya mahakama, na sitaitangulia. Wala sitasema Shakahola ndiyo Ukristo. Makanisa yalilaani, na Wakristo wa mji huu walikuwa miongoni mwa waliopika, waliobeba wagonjwa, waliokaa na jamaa waliokuja kutafuta watu wao hospitalini, palipokuwa na makontena ya baridi ya kuhifadhi maiti. Nyinyi mlikuwepo.

Lakini lazima tuulize. Mzazi anafikaje mahali pa kumnyima mtoto chakula akiamini anampa mbingu? Hakufika kwa siku moja. Alikwisha kufundishwa, mahali pengi na kwa sauti za upole, kwamba maumivu yana thamani yenyewe. Kwamba kadiri sadaka inavyouma ndivyo inavyopokelewa. Kwamba anayesita ana imani haba. Akija mtu wa kuyavuta maneno hayo hadi mwisho, anakuta njia imeshafyekwa. Naye nabii Mika alikuwa ameuliza: je, nimtoe mzaliwa wangu wa kwanza kwa ajili ya kosa langu? Na jibu lake lilikuwa kutenda haki, kupenda rehema, na kwenda kwa unyenyekevu.

Mtaniambia, lakini msalaba je? Si Baba alimtoa Mwana? Wakristo wenyewe wamebishana juu ya hili muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 11 Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, aliandika kwamba dhambi imevunja heshima ya Mungu, na deni hilo hakuna awezaye kulilipa ila aliye Mungu na mtu. Kizazi kilichofuata Abelard, mwanatheolojia wa Ufaransa, akajibu kwamba ni ukatili kudai damu ya asiye na kosa iwe bei ya kitu chochote. Mimi niko na Abelard. Deni la dukani anaweza kulilipa yeyote, mwenye duka hajali noti imetoka mfuko wa nani. Hatia haiko hivyo. Aliyeniumiza akiniletea ndugu yake asiye na kosa nimpige, nikimpiga, tumekuwa wakosaji wawili.

Na Yesu aliposimulia msamaha, alisimuliaje? Mwana mpotevu anarudi na hotuba yake ya toba. Baba anamwona kwa mbali, anakimbia, anamkumbatia kabla hotuba haijaisha. Nani alilipa? Nani aliadhibiwa? Hakuna. Ndama alichinjwa, ndiyo, lakini alichinjwa kwa karamu. Katika hadithi hiyo yote damu haikumwagika kulipa kitu. Ningekuwa Mkristo, hiyo ndiyo ingekuwa imani yangu kamili.

Msidhani basi kwamba siiheshimu sadaka. Mwaka 1941, katika kambi ya Auschwitz, mfungwa mmoja alitoroka na Wanazi wakachagua wengine kumi wafe kwa njaa. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, akalia juu ya mke wake na watoto wake. Padri Maximilian Kolbe akatoka mstarini akasema atakwenda badala yake. Alikaa katika chumba kile cha njaa hadi tarehe 14 Agosti, alipouawa kwa sindano. Gajowniczek aliishi hadi mwaka 1995.

Njaa ni ileile. Tofauti ni nini? Kolbe alitoa maisha yake mwenyewe, si ya mtoto. Hakuitafuta njaa kwa kuwa inampendeza Mungu; waliomshindisha njaa walikuwa wauaji, na kama angeweza kuokoka bila mwenzake kufa, naamini angechagua hivyo. Na mwisho wake kuna mtu aliyebaki hai, mwenye jina na uso, aliyehudhuria Roma mwaka 1982 Kolbe alipotangazwa mtakatifu. Najua kilichomtoa mstarini kilikuwa imani yake. Siwezi kukidharau kitu hicho, na sijaribu.

Kwa hiyo wachungaji na mapadri, nina maombi kwenu, na nayaomba kwa heshima. Mnapoitwa kwenye kitanda cha mtoto mgonjwa, msimwulize mama yake juu ya dhambi. Kaeni siku saba kama rafiki za Ayubu, muishie hapo. Mnayo mafundisho kabla ya ndoa: wekeni humo kipimo cha damu cha selimundu, kila mchumba ajue alichobeba. Waambieni wazazi kwamba mtoto akipimwa mapema, akapewa penisilini, chanjo, kinga ya malaria, na dawa ya haidroksiyurea daktari akiona inafaa, anaweza kukua na kuwa mtu mzima. Likitoka kwenye mimbari yenu watalisikia kuliko likitoka kwangu. Na yeyote, wa dini yoyote, akisikia mahali watoto wanafungishwa chakula kwa jina la Mungu, aende kwa chifu au polisi siku hiyohiyo, asingoje ibada iishe.

Maustadhi, najua nimezungumza zaidi na upande mmoja, kwa kuwa huko ndiko nilikolelewa. Mwenyekiti ameniambia tuna muda wa maswali. Naomba waanze wale wasiokubaliana nami.